Moyo wa Baba na Baiskeli Isiyosogea

Baba alipotoka hospitalini baada ya mshtuko wa moyo, sisi watoto tulimkataza hata kujichotea maji ya kunawa, tukiamini kwamba moyo uliougua hulindwa kwa kulala. Imani hiyo waliwahi kuwa nayo hata madaktari, waliowalaza wagonjwa wa namna hii kwa wiki nyingi, mpaka mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walipochapisha matokeo ya kuwakalisha kitini mapema.

Alipoitwa kwenye mazoezi ya kurejesha afya ya moyo, mzee alisita: “Mwanangu, nikianguka huko je?” Nilimwelewa. Kilichombadilisha ni siku ya kwanza, alipopimwa presha na mapigo kabla ya kupanda baiskeli isiyosogea, kisha akaulizwa, kwa kipimo cha 6 (hajachoka hata kidogo) hadi 20 (amechoka kabisa), anajisikia kuchoka kiasi gani. Akajibu 11, akaruhusiwa kuendelea. Kwa hiyo ukiandikiwa mazoezi haya, nenda walau mara moja ujionee. Hupunguza vifo vya maradhi ya moyo na kulazwa upya, ingawa mimi (nakiri) nilifurahia zaidi jambo dogo: wiki ya tano alikwenda sokoni kwa miguu bila kuniaga.