Mitego ya ardhini kwa mbweha: kumbukumbu ya mradi hadi sasa

Lengo la mradi huu ni kumzuia mbweha anayechukua kuku mchana, bila kumuumiza mnyama asiyehusika na bila kumwacha yeyote akiteseka kwenye chuma. Banda lenyewe nilishalimaliza. Wavu umezikwa na kukunjwa kuelekea nje kwa sentimita 30 hivi, kwa sababu mbweha huchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi; akikuta wavu chini ya kucha zake, hawazi kurudi nyuma kidogo na kuanzia huko. Usiku kuku wako salama. Shida ni mchana wanapochakura nje, na hapo wavu hauna msaada.

Mtego wa kizimba nao niliufikiria. Paka mwitu na nguchiro huingia kizimbani bila wasiwasi mkubwa, lakini mbweha mzima aliyezoea kuishi karibu na watu anaweza kukizunguka kila usiku asiweke mguu ndani. Ndiyo maana nimechagua mtego wa kushika mguu, unaofukiwa ardhini.

Kibali

Hili halikuchukua muda, ila lilikuwa la kwanza. Sheria zinatofautiana sana. Uingereza ilipitisha sheria ya kuondoa mtego wa meno mwaka 1954, na marufuku ikaanza kazi mwaka 1958. Umoja wa Ulaya umekataza mitego ya kushika mguu tangu 1995. Majimbo mengi ya Marekani yanairuhusu kwa leseni, yakiweka masharti ya aina ya mtego na muda wa kuukagua. Anayetaka kutega aanzie ofisi ya wanyamapori, dukani aende baadaye.

Kusoma ardhi

Sehemu hii ndiyo iliyonipa raha kuliko zote. Nilisawazisha vipande vya mchanga kwenye mapito niliyoyashuku, nikawa nakwenda kuvitazama alfajiri kabla jua halijapanda na vivuli kupotea. Unyayo wa mbweha una urefu wa sentimita 5 hivi, mwembamba, wenye vidole vinne na alama za kucha. Vidole viwili vya mbele vimesogea mbele kiasi kwamba unaweza kulaza kijiti kati yake na vile vya pembeni, kisiguse hata kimoja. Kwa mbwa kijiti hakipiti. Vidole vyake vimetanuka na unyayo ni mpana. Paka hufunga kucha, alama yake ni ya mviringo. Nyegere na jamaa zake huacha vidole vitano.

Tena mbweha hutembea kwa mstari. Mguu wa nyuma hutua palepale ulipotoka wa mbele, unaona alama zimefuatana moja baada ya nyingine kana kwamba mnyama ana miguu miwili tu. Mbwa huyumbayumba, ananusa huku na kule. Ukishauona mstari ule mara moja, hutauchanganya tena.

Kinyesi nacho kinasema mengi. Mbweha hukiweka mahali pa kuonekana, juu ya jiwe au kichuguu, kikiwa na ncha iliyochongoka na manyoya ndani. Sikigusi kwa mikono. Mbweha wa nchi za kaskazini hubeba tegu aina ya Echinococcus, ambaye mayai yake yakimwingia binadamu huharibu ini taratibu kwa miaka. Glavu na kijiti vinatosha.

Kwa ushahidi huo nilichagua sehemu mbili: pale mapito mawili yanapokutana, na pale majani marefu yanapokoma na ardhi tupu kuanza. Mbweha hupenda kingo. Hakati katikati ya uwanja kama kuna ukingo wa kufuata.

Mtego wenyewe

Nimechukua mitego ya springi mbili, ambayo taya zake zikifunguka zina upana wa sentimita 13 hivi. Taya hazina meno. Kingo zake ni pana, na zikifunga hubaki na mwanya mdogo kati yake, ili zishike mguu bila kuukata. Mnyororo ni mfupi na una pete za kuzunguka pande zote mbili. Wengi hudhani mnyororo mrefu ni huruma. Sivyo. Mnyororo mrefu humpa mnyama nafasi ya kukimbia kisha kukatizwa ghafla, na mshtuko ule ndio unaovunja mfupa. Ukiwa mfupi na unazunguka, hana pa kuanzia mbio.

Kikanyagio nimekikaza kisifyatuke mpaka kibebe uzito wa karibu kilo 1. Nguchiro, ndege na panya hupita juu yake salama.

Kutega

Nimetumia mtego wa shimo, unaoiga mahali ambapo mnyama mwingine amefukia akiba yake. Kwanza upepo: mtego hukaa upande wa njia ambako upepo unatokea, ili harufu ikatize njia na kumfikia anayepita. Halafu shimo, jembamba, limeinama kuingia chini ya kishungi cha majani, kina cha sentimita 15 hadi 20. Chambo ni nyama iliyoanza kuvunda, imesukumwa hadi chini na kuzibwa kwa majani makavu kidogo. Kishungi kile cha nyuma humlazimisha mbweha kuja kwa mbele.

Kikanyagio kinakaa kama sentimita 20 kutoka mdomo wa shimo, tena hakikai katikati bali kimesogezwa kidogo upande mmoja. Mbweha anapoinama kunusa, pua na kifua ndivyo vinavyolikabili shimo. Miguu iko kushoto na kulia.

Kisha inakuja kazi ambayo naamini ndiyo roho ya mambo yote: kuulaza mtego usitikisike. Nachimba kitanda chake, nagonga kigingi hadi kichwa kizame, nautega, nauweka, halafu naushindilia udongo pande zote kwa ncha za vidole. Nabonyeza kila kona kwa zamu. Kona ikicheza hata kidogo, nautoa naanza upya. Mbweha akikanyaga ukingo wa mtego ukasogea chini yake, hatakimbia. Atauchimba, ataufunua, na tangu siku hiyo atakuwa ameshajua. Watu wanahangaika sana na harufu ya binadamu. Mimi pia navaa glavu za mpira na kupiga magoti juu ya turubai, lakini mtego unaotikisika unaharibu zaidi kuliko harufu.

Chini ya kikanyagio pasiingie udongo, la sivyo hakitashuka. Nafunika kwa kipande cha wavu laini, halafu nachekecha udongo mkavu juu, unene usiofika sentimita 1. Mwisho naweka kijiwe na kijiti kifupi mbele. Mbweha hapendi kukanyaga kitu kikali. Huvivuka, na mguu unatua ninapotaka.

Baada ya mvua

Mvua iliugandisha udongo juu ya mtego mmoja. Nyayo zilipita juu yake na haukufyatuka. Sasa naweka udongo mkavu kwenye ndoo yenye kifuniko, na mvua ikikatika nabadilisha tabaka la juu lote.

Waliokamatwa

Wa kwanza alikuwa mbwa asiye na mkanda shingoni. Nilimkuta amekaa, ananitazama. Nilimfunika kichwa kwa gunia, nikakanyaga springi zote mbili, taya zikalegea. Niliushika mguu ule na kupapasa kidole kwa kidole: hakuna jeraha, ngozi imebonyea tu kidogo. Alichechemea hatua chache kisha akakimbia sawasawa. Kwa sababu hiyo mtego ule nimeuhamishia mbali zaidi na njia ya watu.

Baadaye mbweha dume, ameshikwa juu kidogo ya kiganja cha mguu wa mbele. Alimalizwa kwa risasi moja na mtu mwenye leseni, asubuhi ileile. Sikumsogelea kwa mikono mitupu. Kichaa cha mbwa hakionekani kwa macho mapema. Naikagua mitego kila kunapopambazuka, na siku nisiyoweza kufika naifyatua yote jioni iliyotangulia.

Kinachofuata

Kuku hawajapungua tangu siku hiyo, lakini eneo la mbweha likibaki wazi mwingine hulichukua. Kisiwa cha Phillip huko Australia kilitangazwa kuwa hakina mbweha mwaka 2017, na hicho ni kisiwa, baada ya miaka mingi ya kazi kwa ajili ya pengwini wake. Mimi sina bahari ya kunizungushia. Mchanga bado nausawazisha, na tayari kuna mstari mpya wa nyayo, ndogo kuliko za yule dume.

Huyu huenda ni jike. Mimba ya mbweha mwekundu huchukua siku 52 hivi, na watoto huwa wanne hadi sita. Msimu wa kuzaa ukikaribia nitang'oa mitego yote hadi vitoto viweze kujitafutia, kwani kumkamata mama ni kuwaua kwa njaa waliobaki shimoni. Kwa muda huo kuku watachakura ndani ya uzio wa waya wa umeme, na ndio ninaoanza kuujenga wiki hii.