Nilivyobadilisha masega yaliyoziba kwenye pikapu yangu kuukuu

Pikapu yangu ya petroli ya mwaka 2004 ilianza kukosa pumzi mlimani. Natoka Westlands na mzigo wa simenti kuelekea Kinoo, nikifika Kangemi nakanyaga mafuta hadi mwisho na bado matatu zinanipita tu. Kila fundi alikuwa na lake: huyu pampu ya mafuta, yule gia. Mimi nilishuku ekzosi siku nilipochungulia chini ya gari usiku, nikaona kopo la masega (catalytic converter, kisafisha moshi cha ekzosi) limewiva jekundu kama jiko la makaa.

Ndani ya kopo hilo kuna tofali la kauri lenye vitundu vyembamba, limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ili kupunguza sumu ya moshi. Vitundu vikiyeyuka au kuziba, moshi hauna pa kutokea na injini inakabwa koo.

Sikutaka kununua kwa kubahatisha. Huko Kariobangi Light Industries fundi alifungua sensa ya mbele ya oksijeni, ile inayopima moshi kabla ya masega, akafunga geji ya presha kwenye tundu lile lile. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, presha haifai kuzidi pauni 3 hivi kwa inchi mraba. Yetu ilipita 8. Alipogonga kopo kwa nyundo ya mpira likalia kachakacha. Kauri ilikuwa imevunjika vipande.

"Mzee, tuyatoboe tu," akaniambia. "Unaweka bomba tupu, gari linaruka."

Kweli lingeruka. Lakini sensa ya nyuma, inayopima moshi uliopita kwenye masega, ingewasha taa ya injini kila siku, na mimi ndiye ninayekaa kwenye foleni ya Waiyaki Way madirisha wazi, nikivuta ule moshi. Nilikataa. Tena kabla ya kununua masega mapya nilimwambia tumtafute kwanza muuaji, maana masega hayafi hivi hivi. Tukachomoa plagi: tatu zilikuwa za kahawia, safi, ya nne nyeusi, imelowa petroli. Koili yake, inayoipa plagi umeme wa cheche, ilikuwa imekufa. Petroli isiyochomwa kwenye silinda huenda kuwakia ndani ya masega, na hapo ndipo kauri huyeyuka. Koili na plagi zikabadilishwa siku hiyo hiyo.

Masega yenyewe niliyapata Kirinyaga Road. Pale kuna ya kila aina, hata makopo yaliyokwisha kutolewa nyama ndani yakachomelewa upya kwa ustadi. Mulika kwa tochi ya simu upande mmoja, uchungulie upande wa pili: vitundu vyote vionekane, visiwe na pengo. Muuzaji akikasirika ukimulika, nenda duka la pili.

Kazi ngumu ilikuwa bolti. Zilikuwa zimeota kutu mpaka nati na bolti zimekuwa kitu kimoja. Tulizinyunyizia mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, asubuhi fundi akazipasha moto kwa gesi; mbili zikakubali, ya tatu ikakatwa kwa grinda. Sensa ya nyuma nayo ilitoka ikilia. Kabla ya kuchomelea alitoa waya wa betri, jambo ambalo wengi hulipuuza halafu wanailaumu kompyuta ya gari. Mshale wa kopo, unaoonyesha moshi unakoelekea, ukaangalia nyuma, gasketi zikawa mpya zote.

Kopo la zamani alitaka nimwachie "kama chai". Mawe yale ya kauri yana bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa hiyo chai yake nilimpa kwa pesa, kopo nikaliuza mwenyewe.

Sasa Kangemi napanda kwa gia ya tatu na mzigo kamili. Bolti mpya zimepakwa grisi ya shaba, ili atakayezifungua siku moja asinitukane.