Nilivyosaidiwa kisheria bila kulipa nikiwa kituo cha polisi

Nilikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Siku ya kuhesabu mali saruji ikaonekana imepungua, bosi akaniitia polisi. Ilikuwa Ijumaa, na hakuna siku mbaya ya kukamatwa kama Ijumaa: ofisi zikifungwa jioni, ndiyo mpaka Jumatatu.

Kaunta nikavua mkanda na viatu, simu ikaandikwa kitabuni. Nikaomba kumjulisha dada yangu, maana sheria inakuruhusu kuwasiliana na ndugu au wakili. Dada hakuhangaika na wakili wa kulipa. Alimfuata mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye ni msaidizi wa kisheria. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hawasimami mahakamani, ila ushauri wao ni bure, na huyu nyuma yake kuna shirika lenye mawakili.

Alinikuta mpelelezi anamalizia kuandika maelezo yangu ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayotoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika kama ushahidi. (Yanatakiwa yachukuliwe ndani ya saa nne tangu ukamatwe, isipokuwa muda ukiongezwa, kwa hiyo haraka huwa kubwa.) Akaniambia, "Mwanangu, soma yote kabla hujatia sahihi. Penye kosa, sema parekebishwe." Ukurasa wa pili nikakuta: "niliondoa mifuko 40 bila kibali." Mimi nilisema ilitoka kwa agizo la bosi mwenyewe, kwa ujumbe wa simu. Mpelelezi alinuna, lakini akakata, akaandika upya, nikatia sahihi pembeni ya masahihisho. Bila hivyo ningekwenda mbele na karatasi inayonifunga kwa sahihi yangu mwenyewe.

Huko nje kuna mtu alishamwambia dada atafute elfu hamsini "ya fomu". Mama akamwonyesha tangazo ukutani: dhamana ni bure. Kilichotakiwa ni mdhamini mwenye kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Mjomba aliiwahi barua mtendaji ameshashika funguo za kufunga ofisi. Usiku ule nililala kwangu.

Jumamosi bosi akanitumia ujumbe kwamba kazi basi.

Jumatatu wakili wa shirika akanipokea. Hata fotokopi sikulipia. Tukachapa zile jumbe za maagizo, akaziambatisha kwenye barua kwa mkuu wa upelelezi. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea: umeachishwa kazi lini? Kumbe malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, kesi ya polisi iwe imeisha au haijaisha. Tukajaza fomu palepale.

Kituoni niliripoti wiki kadhaa, mpaka nikaambiwa faili limefungwa. Shauri la CMA bado linaendelea, na bosi kwenye usuluhishi amemtuma mdogo wake.