Kituo cha akiba: kabla ya kuuliza bei, fungua ramani

Kituo cha akiba ni mahali pengine panapokaa nakala za data yako, pamoja na seva za kuendeleza kazi ofisi ikipata janga. Ofisi ikiwa Posta na kampuni inayokutunzia seva za akiba ikiwa Mikocheni, moto wa ofisini hautakumaliza. Lakini umeme wa gridi ukikatika jiji zima, au mvua kubwa ikifunga barabara pale Jangwani, mmekwama wote. Nakala moja ya data ikae nje ya Dar es Salaam. Dodoma inafaa: ni kilomita 450 hivi, na Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unafika.

Ulaya je? Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM iliharibika kwa pamoja, intaneti ikadorora nchini kote. Siku kama hiyo data iliyoko ng'ambo iko salama, ila huifikii. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, kwa hiyo mwanasheria ausome mkataba kwanza.

Kisha amua mambo mawili: uko tayari kupoteza kazi ya saa ngapi, na biashara inaweza kusimama saa ngapi. Duka la jumla Kariakoo likichukua nakala usiku tu, seva ikifa saa kumi jioni mauzo ya kutwa yamepotea.

Sasa piga hesabu ya laini ya intaneti. GB 500 kwenye Mbps 20 huchukua zaidi ya saa 55 kushuka, hata kasi isipoyumba. Muuzaji akiahidi saa nne, aeleze njia: anakuletea diski kwa gari, au anawasha seva zako hukohuko kwake? Kama anawasha kwake, mashine zimetengwa kwa ajili yako, au wateja kumi wa mtaa mmoja wameuziwa nafasi ileile? Mafuriko yakija, wote kumi watapiga simu asubuhi moja. Swali hili ndilo naliona zito kuliko yote, na ndilo wauzaji hulipita haraka.

Usisaini bila jaribio. Tarehe ya nakala ichague wewe, wao wairejeshe, mhasibu wako achapishe ankara na kulinganisha salio. Hapo ndipo mambo hukwama: nywila ya hifadhidata ilikuwa ndani ya seva iliyokufa, leseni ya programu imefungwa kwenye mashine ya zamani, kompyuta za matawi bado zinatafuta anwani ile ya awali. Ufunguo wa kufungulia nakala uandikwe karatasini, ukae kwenye sefu nje ya ofisi. Na iwepo nakala moja ambayo hata msimamizi wa mfumo hawezi kuifuta kabla ya muda wake, maana wahalifu wanaofunga faili na kudai fedha huanza kwa kuharibu nakala.

Jenereta: dizeli ya saa ngapi kwa mzigo kamili, na nani anaileta Jumapili usiku?

Kwenye mkataba yaandikwe haya: nani wa upande wako anaruhusiwa kutangaza dharura, ada ya kuitangaza, utakaa kwao wiki ngapi, na siku mkiachana data inarudi kwa muundo gani, ndani ya siku ngapi, pamoja na uthibitisho wa maandishi kwamba kwao imefutwa.