Mnada wa Mwezi wa Mei

Majira ya baridi niliyokuwa nikisomea upimaji na usajili wa ardhi huko Uskoti, nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtu mzima, aliyeishi kijijini kaskazini ya Inverness. Ukoo wake ulikuwa umelima mashamba ya kukodi kizazi baada ya kizazi bila hata mmoja wao kumiliki ekari. Nilimwita Mama kwa mazoea ya kwetu Malindi. Siku ya kwanza alicheka, baadaye akazoea. Alipojua kwamba kazi yangu ni kusoma hati, aliniomba nimtafutie katika magazeti ya zamani tangazo la mnada ambao mali ya babu wa mama yake iliuzwa alipoondoka shambani. Mwaka hakuwa na hakika nao. Alijua tu kwamba ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1870, na kwamba watu walinunua mwezi wa Mei huku mvua ikiwanyeshea.

Mwezi huo ulinirahisishia kazi kuliko alivyodhani. Katika Uskoti ya zamani mikataba ya mashamba ilianza na kumalizika kwa tarehe mbili kubwa, Pentekoste na sikukuu ya Mtakatifu Martin, na kisheria Pentekoste hiyo haikufuata kalenda ya kanisa bali ilikuwa tarehe 15 Mei kila mwaka. Shamba lilikodishwa mara nyingi kwa miaka 19, na muda ukiisha bila mwenye ardhi kukubali kuurefusha, mpangaji alilazimika kuuza wanyama na zana zake karibu na tarehe hiyo, kwa sababu hakuwa na mahali pa kuziweka.

Maktaba ya Inverness iko Farraline Park, katika jengo lenye nguzo kubwa lililojengwa kama shule. Humo nilikalishwa mbele ya mashine ya kusomea maikrofilamu nikapewa gazeti la Inverness Courier. Ningeweza kwenda moja kwa moja kwenye miaka niliyotumwa, lakini karani wa ardhi akiwekewa matangazo ya ardhi mbele yake hawezi kuyaruka, nami nikaanza na mwaka 1817, gazeti lilipozaliwa.

Magazeti ya wakati ule yalijaza matangazo ukurasa wa kwanza na kuzitia habari ndani, kana kwamba habari zenyewe zilikuwa nyongeza. Kulikuwa na mashamba ya kondoo ya kukodisha, viwanda vya kusagia nafaka, nyumba za wageni zilizotafuta wapangaji, haki ya kuvua samoni mtoni, na wenye maduka waliowashukuru wateja wao kwa unyenyekevu kabla ya kutaja chai na mbegu zilizowafikia. Matangazo ya mashamba yalikuwa na mtindo wake ambao baada ya saa moja niliweza kuukariri: ukubwa wa ardhi, sifa za malisho, umbali wa barabara na bandari, kisha maelezo kwamba mpangaji mpya ataingia kwenye nyumba na majani siku ya Pentekoste, na kwenye ardhi ya kulima mara mavuno yatakapoondolewa. Mwishoni lilitajwa jina la mwanasheria, mara nyingi wa Edinburgh, na msimamizi wa pale shambani ambaye angeonyesha mipaka. Shamba likiwa la kondoo, mara nyingi aliyekuja alipaswa kuwanunua kondoo waliokuwapo kwa bei ya wathamini, kwa kuwa kondoo waliozaliwa mlimani hujua mipaka ya malisho yao, na wageni wangetangatanga.

Nilichokuwa nakitafuta bila kukusudia ni watu. Kondoo walitajwa, hata majani yalitajwa. Waliokuwa wakiishi juu ya ardhi ile walipita katika nusu sentensi, kwamba shamba kwa sasa linakaliwa na wapangaji wadogo. Matangazo hayo hayakuandikwa kwa ajili yao. Hadi mwaka 1833 kila tangazo lilitozwa ushuru wa shilingi 3 na peni 6, liwe refu au fupi, na gazeti lenyewe liliuzwa kama peni 7 kwa sababu ya ushuru wa stempu. Zaidi ya hayo liliandikwa kwa Kiingereza, na watu wa milimani walizungumza Kigaeli. Habari iliyowahusu iliwafikia Jumapili, iliposomwa mlangoni pa kanisa baada ya ibada, au ilipoletwa na mtu wa mahakama akiwa na hati mkononi. Sheria ya mwaka 1555 ilikuwa imeagiza kwamba mpangaji aonywe siku 40 kabla ya Pentekoste, nyumbani kwake na mlangoni pa kanisa la parokia, na ingawa utaratibu ulibadilishwa baadaye, zile siku 40 zilibaki. Siku 40 za kuhama mahali alipozikwa babu yako!

Nikiwa hapo nilimkumbuka Patrick Sellar, ambaye kesi yake tulikuwa tumeisoma darasani. Mnamo Desemba 1813, huko Golspie, mashamba ya bonde la Strathnaver yalipokodishwa, yeye aliyekuwa mmoja wa mawakala wa mwenye ardhi ya Sutherland alitoa dau akashinda, na mwaka uliofuata akawaondoa watu ardhini ambayo sasa ilikuwa malisho yake mwenyewe. Alishtakiwa mwaka 1816, mjini Inverness humo humo, akaachiliwa. Mtu wa pwani ya Kenya hawezi kusoma hayo kwa utulivu. Kwetu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai alipeleke kwa serikali, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali, hata pale ambapo tangazo halikumfikia mkulima au halikueleweka.

Kulikuwa pia na biashara iliyodharau karatasi. Mwaka huo huo wa 1817 ndipo lilipoanza soko la kondoo na sufu la Inverness, ambako wafugaji na wanunuzi walikutana mwezi wa Julai bila kondoo hata mmoja wala sampuli ya sufu, wakauziana maelfu kwa kuaminiana sifa tu. Hilo lilinifurahisha kupita yote.

Jioni ilipokaribia ndipo nilipofika miaka ya 1870, na tangazo nililipata katika toleo la Mei, chini kabisa ya safu, kati ya tangazo la mbolea ya guano na la mlima wa kukodisha kwa wawindaji. Jina la shamba lilikuwa lenyewe. Farasi wa kazi 3, mmoja jike mwenye mimba. Ng'ombe wa maziwa na ndama. Mikokoteni, plau, haro. Pipa la kusukia siagi. Na sehemu ya vyombo vya nyumbani. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwenye mali anaacha kilimo. Wanunuzi wangekopeshwa kwa miezi 6 wakileta wadhamini wa kuaminika.

Usiku ule nilimsomea Mama nakala yangu mezani. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nirudie ile sababu.

“Hakuacha kilimo,” alisema. “Kodi ilipandishwa, naye akasema haiwezi kulipwa na ardhi ile. Gazeti lisingeandika hivyo, maana tangazo lililipiwa na dalali, na dalali alikula kwa mwenye ardhi.”

Nilimwambia kwamba nimeona mamia ya matangazo siku ile na wachache mno walikuwa wameondoka kwa sababu nyingine isipokuwa kuacha kilimo. Akatikisa kichwa, akalivuta karatasi kwake, akaweka kidole pale palipoandikwa farasi mwenye mimba.

“Huyu ndiye niliyekuwa nikimtaka,” alisema. “Alichukuliwa kwa mkopo na jirani, mtu wa kanisa letu, na mama yangu alikuwa akinisimulia kwamba zile pesa hazikulipwa hata senti. Sasa nina karatasi. Wajukuu zake wanaishi pale ng'ambo ya mto, na Jumapili nitawaonyesha.”