Mpya au iliyotumika? Nilivyochagua pikipiki ya kupanda mwaka mzima

Wanaojua kwamba sina gari, na kwamba natoka na pikipiki iwe mvua iwe jua, huniuliza swali hili mara kwa mara: ukitaka pikipiki ya safari, ile ndefu yenye usukani mpana inayomudu lami na changarawe, ununue mpya au iliyotumika? Nimejinunulia ya kwangu hivi karibuni, kwa hiyo naandika wakati mambo yote bado yako kichwani. Jibu langu ni iliyotumika. Lakini si yoyote ile, na sababu zangu karibu zote zinatokana na maji.

Anayepanda siku za jua peke yake anaweza kuchagua kwa macho. Sisi wa mwaka mzima tunanunua kwa ajili ya ule mwezi mbaya kuliko yote: alfajiri ya giza, mvua ya kutwa, matope yanayorushwa na malori, kisha vumbi matope yakikauka. Upya wa pikipiki hauvuki mwezi huo. Vichwa vya bolti vinaanza kupata kutu, cheni inasaga mchanga, rangi ya injini inachubuliwa na kokoto. Na kama kawaida ya vyombo vya moto, thamani yake hushuka kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza. Mimi naona heri mtu mwingine abebe mshuko huo, fedha itakayobaki niiweke kwenye matairi, grisi na nguo za mvua.

Kwa upande wa mpya, moyo wangu ulikuwa kwa Yamaha Ténéré 700. Kwa iliyotumika, Suzuki V-Strom 650. Ténéré ina cc 689, rimu ya mbele ya inchi 21, tangi la lita 16, na kiti kilicho milimita 875 kutoka chini. V-Strom ni cc 645, rimu ya mbele inchi 19, tangi lita 20, kiti milimita 835, na ni nzito zaidi kwa kama kilo kumi. Ukipanda milima ya mawe kila wiki, usinisikilize, chukua Ténéré. Rimu ya inchi 21 inapita juu ya jiwe ambalo ya inchi 19 ingeligonga. Njia zangu mimi ni lami mbovu, changarawe na matope ya msimu. Kwenye matope yanayoteleza, zile milimita 40 za kiti ndizo zinazoamua kama mguu wako utafika chini kwa wakati.

Kuna jambo ambalo watu hulipuuza: pancha. Rimu za kawaida za V-Strom ni za kumimina, tairi halina tyubu. Ukichomwa na msumari usiku kwenye mvua unauvuta, unasukuma kizibo cha mpira kwa nje, unapiga upepo, unaondoka. Ténéré inakuja na rimu za spoku na tyubu ndani, maana yake ushushe tairi, ulibandue pembeni, utoe tyubu, yote hayo vidole vikiwa vimekufa ganzi. Rimu za spoku zinastahimili mashimo vizuri, silikatai hilo. Ila kwa mtu anayetakiwa kufika kazini kila asubuhi, kizibo kinashinda.

Mpya ina haki zake. Inakuja na dhamana, historia yake inaanza na wewe, na huna haja ya kukisia aliyekutangulia aliitendea nini. Kama huna fundi unayemwamini, wala huna muda wala hamu ya kushika spana, nunua mpya na usione haya. Zamani ningeongeza ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge ukikaza breki, kwenye orodha hiyo, maana kwenye lami yenye maji hiyo kwangu ni lazima. Lakini Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa pikipiki kubwa za aina mpya kuanzia 2016, na kwa zote mpya kuanzia 2017, kwa hiyo siku hizi iliyotumika yenye ABS si adimu. Halafu hata mpya kabisa ningeifungua linki ya shokapu ya nyuma na kuijaza grisi kabla ya mvua ya kwanza.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, yaani kuikagua V-Strom niliyoipata. Mwenye pikipiki alikuwa mzee mmoja mpole. Nilimwambia kwenye simu, "Mzee, shikamoo. Nakuja asubuhi, naomba usiiwashe kabla sijafika." Akajibu, "Marahaba. Njoo mwanangu, utaikuta ya baridi." Nilipofika niliweka kiganja kwenye injini kwanza: baridi kweli. Injini iliyopashwa moto mapema inaficha mengi, kama ugumu wa kuwaka, mlio wa cheni ya ndani, na ule moshi wa bluu wa dakika ya kwanza unaosema oili inaungua.

Alikuwa ameifunga stendi ya katikati, na hilo lilinipa moyo. Anayefunga stendi ya katikati kwa kawaida ni mtu anayepaka cheni mafuta. Tuliipandisha, mzee akakalia nyuma kidogo ili gurudumu la mbele linyanyuke, nikaushika usukani kwa vidole viwili na kuuzungusha taratibu kutoka kushoto hadi kulia. Hapo unatafuta kitu kimoja: je, kuna mahali katikati ambapo usukani unajikwamia wenyewe, kama umeangukia kwenye kitundu? Hicho ni kidonda cha beringi za shingo. Maji yameingia, grisi imesombwa, golori zimechimba vishimo pale zinapokaa muda mwingi, yaani pikipiki ikienda moja kwa moja. Usukani ule ulipita katikati bila kusita. Nikazishika shokapu za mbele chini kabisa, nikazivuta na kuzisukuma: hazikulegea hata kidogo. Nikapitisha ukucha kwenye nguzo zake zinazong'aa, maana kijishimo kidogo cha kutu, hata cha ukubwa wa ncha ya pini, kitachana sili kila ukibadilisha.

Cheni niliivuta nyuma kutoka kwenye sproketi kubwa. Ikinyanyuka mpaka uone nusu ya jino, imekwisha. Hii ilinyanyuka kidogo sana. Matairi yalikuwa na kashata nzuri, lakini tarakimu nne za pembeni zinasema kweli zaidi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 1418 ni wiki ya 14 ya mwaka 2018. Mpira mzee unakuwa mgumu hata kama haujalika, na mpira mgumu kwenye lami yenye maji siupandi. Niliyahesabu kuwa ya kubadilisha, tukakubaliana bei kwa msingi huo.

Kisha nikaomba kiti kitolewe. Nguo za nje huoshwa siku ya kuuza, chini ya kiti hapaoshwi. Nikachomoa soketi moja ya waya na kuiangalia ndani kwa tochi: shaba safi, hakuna ule ukungu wa kijani. Betri ilisoma volti 12.6 ikiwa imezimwa na zaidi kidogo ya 14 injini ikizunguka. Ukikuta waya za taa za ziada zimeunganishwa kwa kusokota na kuzungushiwa selotepu, mwaka mzima huo utakuwa wa kutafuta hitilafu. Na chujio la hewa usiishie kuliangalia. Pitisha kidole upande wa pili, kule ambako hewa inatakiwa iwe imeshachujwa. Ukitoa kidole chenye vumbi, ondoka, kwa sababu vumbi hilo limekuwa likisaga silinda na ringi.

Kilomita zilikuwa zaidi ya 40,000 na hazikunitisha. Wengi hukimbilia ile yenye kilomita 6,000 iliyokaa miaka chini ya turubai, mimi naiogopa zaidi: mafuta yamechacha kwenye tangi, sili zimekauka, mafuta ya breki yamenyonya unyevu ingawa yanatakiwa kubadilishwa kila miaka miwili hata kama pikipiki haitembei. Pikipiki inayopandwa kila wiki inatunzwa kila wiki. Mzee alinipa daftari lenye mwandiko wake, tarehe na kilomita, oili lini, pedi lini, na kwenye 24,000 ameandika "valvu zimepimwa, ziko sawa". Huo ndio muda unaotakiwa kwa injini hiyo. Nililisoma daftari lote nimesimama. Namba ya fremu kwenye shingo tuliilinganisha na hati, tarakimu kwa tarakimu, tukamaliza.

Fedha iliyobaki imeshapata kazi. Matairi mapya ya mchanganyiko, yanayoegemea lami. Kiongezeo cha madigadi ya mbele, kwa sababu silinda ya mbele ya V-Strom, rejeta na chujio la oili vyote vimekaa nyuma tu ya gurudumu, na kila linachorusha wao wa kwanza kukipokea. Vishikio vya kupasha mikono joto, ambavyo naviona ni kifaa cha usalama, maana mkono uliokufa ganzi unachelewa kuvuta breki. Linki ya shokapu nimeifungua na kuipaka grisi mwenyewe. Nimenunua pia suti ya mvua ya vipande viwili yenye rangi kali inayoonekana kwenye ukungu, na hiyo, tofauti na pikipiki, niliitaka mpya kabisa. Kinachofuata ni kupima valvu tena kwenye 48,000, na daftari la mzee nimeendelea nalo pale alipoishia.