Siku Chui Alipopimwa Tezi Dume

Mbwa wangu Chui alikuwa na miaka 9, hajahasiwa. Kwa muda alikuwa akichuchumaa, anajikamua, anahama, anajikamua tena. Kinyesi kikitoka, ni bapa kama utepe. Kilichonitoa nyumbani lakini ni damu: matone mabichi sakafuni alipoinuka pale alipolala, wala hakuwa amekojoa.

"Mkojo je?" daktari wa mifugo aliuliza. Nikamwambia unatoka vizuri tu. Aliposema anashuku tezi dume nilibisha. Marehemu baba aliugua hiyo, na kwake taabu yote ilikuwa mkojo.

"Mzee alibanwa mrija wa mkojo," akasema. "Kwa mbwa, tezi mara nyingi hukua kwenda nje, ikaelemea utumbo wa haja kubwa. Ndiyo hicho kinyesi bapa."

Akavaa glavu, akapaka jeli, mimi nikashika kichwa. Kidole kimoja kikaingia nyuma. Mkono wa pili ukabonyeza tumbo kwa chini, kuisukuma tezi imfikie. Chui alinikazia macho mimi, si daktari. Sijui kwa nini lawama huwa zangu.

"Imekua," daktari akawa anasema huku anapapasa. "Pande mbili sawa. Nyororo. Haimuumi." Nilielewa baadaye kwamba kila neno lilikuwa linafuta jambo. Angeruka kwa maumivu, angefikiria maambukizi. Ingekuwa ngumu, ina vinundu, imegandamana na sehemu za jirani, tungeanza kuzungumzia saratani.

Hata hivyo hakuishia kwenye kidole. Ultrasaundi ilionyesha vijifuko vidogo vya maji ndani ya tezi, bila chembe za chokaa alizokuwa akizitafuta, zile zinazoweza kuashiria saratani. Mkojo ukapelekwa kuoteshwa maabara, maana tezi iliyokua huingiwa na bakteria kwa urahisi. Nikauliza kuhusu PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume alichokuwa akipimwa baba. Hakifai kwa mbwa, akasema. Wao wana chao, nacho peke yake hakitoshi kutenganisha uvimbe wa kawaida na saratani.

Majibu ya maabara yalirudi safi. Ulikuwa ule uvimbe wa uzee unaolishwa na homoni za kiume, dawa yake kuhasi. Nilidhani hapo na saratani tutakuwa tumeipiga marufuku. Akatikisa kichwa: saratani ya tezi huwapata hata waliohasiwa, na mbwa aliyehasiwa zamani akimjia na tezi kubwa, ndiye humtia wasiwasi zaidi.

Chui akahasiwa. Wiki chache baadaye nilijikuta nimeinama uani napiga picha kinyesi cha mviringo, kisha namtumia daktari kwa furaha isiyoelezeka kwa watu wa kawaida.

"Safi sana," akajibu. "Mlete nimpapase tena."

Chui sikumwambia.